Isidore na Bomba Lake la Gazi

Dorothée alileta habari ile pamoja na kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani, na vyote viwili akavitua kwa mara moja mlangoni pa Adolphine.

"Mama Roger, we unalalaka muzuri?" aliuliza.

"Ninalala, yaya, kama mutoto ananiachilia," alijibu Adolphine; yaya ni dada mkubwa, na ndivyo alivyomwita jirani huyu.

"Basi unalala sababu haujue." Dorothée akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akavuta kitenge magotini. "Isidore ameingiza nyoka ya chuma mu nyumba. Inaanzia inje, ku pipa. Inapanda ukuta, inapita juu ya dirisha, inashuka mpaka ku mashini ya Pulchérie. Mangaribi anaikulisha mawe, anainywesha maji, halafu inapumua moto. Banasema siku ile mawe itaisha, itapumua batu."

"Itapumua batu namna gani?"

"Mi sijue. Nimeuliza ule aliyeniambia, naye hajue. Lakini ni kweli."

Adolphine alicheka polepole ili asimwamshe mtoto mgongoni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili; Roger alikuwa mtoto wake wa kwanza, wa miezi minane, na tangu amzae alikuwa amejifunza kucheka bila kutikisa mgongo.

"Inapita ku ukuta gani, yaya?"

Dorothée hakuinua mkono. Alisogeza midomo tu, kuelekea nyuma ya Adolphine, pale ambapo mkeka wa Roger ulikuwa umetandikwa.

"Ile," akasema.

Adolphine akageuka kuutazama ukuta.

Nyumba za mtaa ule wa Baraka zilijengwa mbili mbili, za matofali mabichi, ukuta wa katikati ukiwa mmoja kwa watu wa pande zote. Ukuta huo ulimletea Adolphine habari za jirani zake bila yeye kuziomba. Alijua Isidore anakohoa mara ngapi kabla ya kuamka. Alijua Pulchérie, mke wake, ameshona mkono mzima wa gauni au amesimama katikati kutia uzi. Jacques, mume wa Adolphine, karani wa ghala la pamba, alikuwa amepanda lori kwenda Fizi kupima pamba ya wanavijiji, naye asingerudi kabla ya majuma mawili. Kwa hiyo neno la ukuta, kama lilikuwa neno, lilikuwa juu ya kichwa chake peke yake.

Tena Isidore hakuwa mtu wa kuogopwa. Alikuwa mtu wa kuitwa. Mlango ukilia, aliitwa. Birika likivuja, aliitwa. Alizaliwa kwenye vilima vya juu ya Fizi wakati baba yake alipokuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya vita vya kwanza vya Wazungu, na alipoota ndevu tatu nne alikwenda kwa miguu mpaka kwenye migodi ya dhahabu, upande wa Misisi. Huko alikaa miaka kumi na mmoja. Kwanza walimpa koleo, halafu, kwa sababu alikuwa na mikono inayosikia, wakampa taa. Kazi yake ilikuwa kujaza taa za wasimamizi: anaweka mawe ya kijivu chini, maji juu, maji yanadondoka juu ya mawe, mawe yanatoa hewa, na hewa hiyo, waliyoiita gazi, inawaka nyeupe kama mchana. Kigari cha mawe kilipompondaponda vidole viwili vya mguu, wakamwambia aende kwao. Akashuka ziwani badala yake, akajifunza kukalafati mashua: kuziba nafasi za mbao kwa pamba iliyolowekwa katika mawese, akiisukuma kwa patasi butu, tak tak tak, huku akizungumza na mashua kama mtu anayemnyoa rafiki yake.

Alitembea kwa kuruka kidogo. Akicheka aliziba mdomo, maana meno ya mbele yalikuwa yamebaki huko huko migodini. Na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu kinachofanya kazi vizuri akakiacha. Mlango wa Dorothée aliutengeneza ujifunge wenyewe, ukajifunga kweli, Dorothée akiwa nje na maharage yakiwa motoni. Ndiyo maana kila habari ya Isidore ilipata miguu mirefu ikipitia kwa Dorothée.

Jioni ile, kabla jua halijagusa milima, Adolphine alimfunga Roger vizuri mgongoni akazunguka kwenda upande wa pili kuona kwa macho yake.

Alimkuta Isidore amechuchumaa mbele ya pipa lililojaa maji nusu. Ndani yake lilikuwa limefudikizwa pipa jingine dogo, likipanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Kutoka juu ya pipa dogo lilianza bomba la chuma, jembamba kama kidole.

"Karibu, Mama Roger. We pia umekuja kuona nyoka?"

"Nimekuja kusalimia, baba."

"Salimia basi. Halafu uone nyoka."

Akamwingiza ndani. Bomba liliingia juu ya dirisha, likafuata ukuta wa katikati, vipande saba vya bomba la mgodini vilivyounganishwa kwa viungo sita, kila kiungo kimefungwa kwa pamba ya rangi ya machungwa iliyobanwa kwa uzi, kazi safi kama ya kusuka. Kiungo cha mwisho kilikuwa shubiri mbili tu juu ya taa, na taa yenyewe ilining'inia mbele ya mashine ya kushona. Pulchérie alikuwa ameketi hapo, kitambaa cheupe kimemjaa mapajani.

Adolphine aliijua habari ya kitambaa kile. Ukuta ulikuwa umemwambia. Padri alikuwa amempa Pulchérie kazi ya kushona magauni ishirini na mawili ya wasichana watakaopokea Komunio ya kwanza siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, tarehe kumi na tano Agosti. Mchana Pulchérie alikuwa shambani kuvuna pamba, kwa maana pamba ya Serikali haingoji mtu. Alishona baada ya jua kuzama tu, na macho yake hayakuwa tena ya msichana. Kibatari chake kilitoa moshi. Siku moja masizi yalidondoka juu ya mkono wa gauni la kwanza, akalifua mara tatu, doa likabaki. Adolphine, ng'ambo ya ukuta, alimsikia akisema kwa sauti ndogo: "Nitamurudishia Padri kitambaa yake. Aseme nimezeeka." Na alimsikia Isidore akijibu: "Usirudishe. Ngojea."

Hilo lilikuwa mwezi uliopita. Sasa Isidore aligeuza koki ya taa, akasogeza kijiti cha moto, na pu, chumba kikawa cheupe. Pulchérie alitunga uzi kwenye sindano kwa mara moja tu, bila kulamba, akamtazama Adolphine ili ahakikishe kama ameona.

Adolphine alikuwa ameona. Magauni tisa yalikuwa tayari yametundikwa kwenye kamba, hayana doa.

"Na hewa haitoke ku viungo?" aliuliza alipokuwa akiaga.

"Itoke?" Isidore aliziba mdomo. "Mama, mikono hii imekalafati mashua ya batu wote kutoka hapa mpaka Nundu. Maji haingii. Kila asubui kabla ya kazi ninapaka viungo yote povu ya sabuni. Kama hewa inatoka, povu itavimba. Kuja kesho uone."

Kesho yake akaenda. Ilikuwa Julai, asubuhi za upepo wa milimani, watu wakitoka wamejifunika vitambaa kichwani. Isidore alipaka povu kiungo hadi kiungo, sita vyote. Povu likakaa tuli kama mate ya mtoto aliyeshiba. Adolphine akarudi nyumbani moyo umetulia.

Ukatulia siku mbili.

Jioni ya tatu, akimlaza Roger, alisikia harufu ya kitunguu saumu. Hakuwa amepika kitunguu saumu. Akainama karibu na ukuta, akanusa matofali. Huko ng'ambo mashine ilikuwa inakwenda, tikitiki-tikitiki, na Pulchérie alikuwa anaimba wimbo wa kanisani ndani ya pua. Adolphine akauvuta mkeka na mtoto juu yake mpaka ukuta wa upande wa pili, akafungua dirisha, kisha akatoka kwenda kumwita Isidore kwa heshima.

Isidore alizima taa, akanusa chumba chake, akanusa nje, akanyoosha kidole kwenye shimo alipomwaga tope jeupe linalobaki mawe yakiisha kutoa hewa yake. Tope hilo kweli lilinuka vile vile. "Ni ile, mama. Upepo inaleta ku dirisha yako. Kesho nitaifukia." Na kesho yake hakulifukia, alilipaka ukutani kama chokaa, nyumba yake ikang'aa kuliko ya mkubwa wa mtaa. Lakini alirudia povu kwanza, asubuhi na mapema, na povu halikuvimba.

Adolphine hakubishana. Hakuwa na tabia ya kubishana. Alikuwa na tabia ya kuangalia. Akaangalia jioni mbili nyingine. Harufu haikuja taa ikiwashwa. Ilikuja baadaye, Pulchérie akiwa amemaliza mkono mmoja wa gauni na kuanza wa pili, na kufikia alfajiri harufu ilikuwa imekwisha. Zaidi ya hapo hakuelewa kitu. Alimlaza Roger mbali na ukuta, madirisha wazi, mtoto akapata mafua, akakoroma kama mzee.

Wakati huo habari ya nyoka ilikuwa imemfikia kapita Henri, mkubwa wa mtaa, kwa miguu ya Dorothée. Kapita hakuamini nyoka, lakini aliamini Serikali. Kama nyumba ingelipuka, wa kuulizwa angekuwa yeye. Akatuma neno: Jumamosi, kukikucha, atakuja kuangalia, na siku hiyo hiyo atakata neno: bomba linabaki au linang'olewa. Pulchérie aliposikia, aliacha kuimba.

Jumamosi asubuhi Adolphine alikuwa jikoni kwake, nyuma ya nyumba, akipasha maharage ya jana. Alichukua chupa ya mawese, akaiinamisha juu ya sufuria. Hakuna kilichotoka. Akapiga kitako cha chupa, hakuna. Mafuta yalikuwa yameganda, ya manjano na mazito. Akaiweka chupa karibu na mafiga kama alivyofanya asubuhi zote za wakati wa baridi, akangoja.

Akiwa anangoja, alisikia sauti ya kapita ng'ambo.

"Nyumba ni yako, Isidore, sikatae. Lakini bomba ya maji ku posta inawekwa na fundi wa Serikali. Juu ya nini ya gazi iwekwe na mwenye nyumba?"

"Kapita, hii nyumba nani alijenga? Ni mi na mikono yangu, na mume wa jirani akisaidia. Mulango nilitengeneza miye. Paa nilifunika miye. Nyumba ikivuja, nitaita Serikali?"

"Ikivuja mvua, utalowana. Ikivuja gazi?"

"Haivuje. Acha kiko yako inje, kapita, na uangalie."

Adolphine alijua kinachoendelea: kiko cha kapita kimewekwa nje juu ya jiwe, povu linapakwa kiungo cha kwanza, cha pili. Aliwasikia watu wakihesabu. Pulchérie alihesabu kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Sita," alisema kapita. "Ni kweli, hakuna kitu. Basi mi nitasema..."

Kando ya mafiga, mawese yalianza kuteremka ndani ya chupa. Kwanza pembeni, palipotazama moto, mstari mwekundu. Halafu bonge likateleza, likalegea, sehemu ya juu ikawa maji.

Adolphine akayatazama. Akatazama ukuta. Akawaza pamba ya rangi ya machungwa, shubiri mbili juu ya taa.

Alisimama na hakwenda. Ng'ambo kule kulikuwa na magauni kumi na mawili kwenye kamba na mengine kumi hayajashonwa, na mwanamke aliyekuwa ameanza kuimba tena kwa sababu anaona tundu la sindano. Shati la kwanza la Roger lilitoka katika mikono ile. Kuingia sasa, mbele ya kapita, yeye aliyezaliwa juzi, na kumwambia fundi wa mashua kwamba kazi yake haifai, kulikuwa sawa na kumzimia Pulchérie taa kwa kinywa chake. Roger akapiga chafya mgongoni, mara mbili, akajilaza tena.

Adolphine akaishika chupa kwa kitambaa, akachukua na sufuria ndogo ya maji ya moto, akazunguka nyumba.

"Hodi."

"Karibu, mama," alisema kapita. "Tunamaliza. Umekuja kushukuru?"

"Nimekuja kuomba kintu kidogo, kapita. Baba Isidore asikasirike." Hakumtazama Pulchérie. "Ninaomba mupake ile kiungo ya mwisho tena, ya karibu na lampi. Lakini kwanza, tuifunike na kitambaa ya maji moto. Kidogo tu."

"Maji moto ya nini?" aliuliza Isidore.

Adolphine akainua chupa. Nusu ya chini bado ilikuwa bonge, nusu ya juu ilikuwa inacheza. "Hii, nimeitoa kabatini sasa hivi, ilikuwa ngumu kama sabuni. Nimeiweka ku moto, inayeyuka. Kila asubui ni vile. Baba, we unapimaka asubui, mafuta ikiwa imeganda. Lakini mama anashonaka mangaribi, lampi ikiwa moto."

Dorothée, aliyekuwa mlangoni kwa kisingizio cha kuomba chumvi, alisahau chumvi.

Isidore mwenyewe ndiye aliyechovya kitambaa. Alikizungusha kwenye kiungo, akakibana kwa viganja vyote viwili kama mtu anayempasha mgonjwa joto, akangoja. Tone jekundu likachungulia chini ya kitambaa, likaning'inia, likadondoka kwenye mguu wake. La pili likafuata. Akaondoa kitambaa, akapaka povu.

Povu likavimba. Likavimba kama koo la chura, likapasuka, likavimba jingine. Chumba kikanuka kitunguu saumu.

"Nilisema inapumua," alisema Dorothée.

Kapita alianza kucheka kabla ya kukumbuka cheo chake, na wengine wakamfuata, hata Pulchérie, ingawa macho yake yalikuwa yamelowana. Adolphine alifungua madirisha. Isidore peke yake hakucheka. Alikwenda nje akafunga pipa, akarudi akiruka kidogo, akavua kofia, akakaa chini karibu na mashine.

"Mashua inakaaka mu maji," alisema hatimaye, kana kwamba anaieleza mashua. "Maji ya ziwa iko baridi siku yote. Miaka kumi na tatu mafuta yangu haijayeyuka hata siku moja. Sikuwaza ku moto." Akamtazama Adolphine. "Mutoto analala wapi?"

"Zamani hapa, baba." Akaonyesha ukuta. "Sasa nimemutoa."

"Tangu siku gani?"

"Tangu ile siku nilikuita."

Isidore akajipiga paji la uso kwa kofia, mara moja, bila nguvu. "Na mi nikakuonyesha tope."

Kapita alijikohoza. Alikuwa amekuja kukata neno, na neno likawa jingine. Alisema bomba halitapita tena ndani ya nyumba, wala juu ya ukuta wa watu wawili, mpaka liunganishwe na fundi anayejua kuchomelea chuma kwa moto, bila pamba wala mafuta. "Nyumba ni yako, Isidore. Ukuta ni yenu babili, na hewa ni ya mutaa mzima. Kwa hii, hapana kujitengenezea."

"Na nguo za batoto?" aliuliza Pulchérie. Aliuliza polepole, mikono juu ya kitambaa. "Zimebaki kumi, kapita. Majuma matatu."

Kapita akatazama dari. Alikuwa na kofia yenye nyota moja na binti yake mwenyewe katika wale wasichana ishirini na wawili.

"Inje," alisema Isidore.

"Inje nini?"

"Lampi itoke inje. Nina kipande kimoja kirefu hakina kiungo. Kinatoka ku pipa, kinaingia mu lampi palepale, bila pamba. Juu ya baraza, hewa inapita. Mashini itatoka, mama atatoka."

Adolphine alisema upepo wa ziwa utazima moto. Isidore akasema upepo anaujua, ataupa bati la kugongana nalo. Dorothée akasema kama ni baraza basi yeye ataleta kigoda chake, si kwa kuogopa tena, ila kwa kusimamia. Kapita akaokota kiko chake kwenye jiwe, akakubali, akaenda zake kabla mtu hajamuuliza swali jingine.

Mpaka saa kumi Isidore alikuwa amekwisha kung'oa vipande saba vyote. Mashimo ya upande wake aliyaziba kwa udongo, na nyufa za upande wa Adolphine pia, akaupapasa kwa kiganja mpaka ukalainika. Jioni, giza halijaingia vizuri, taa ikawaka barazani nyuma ya bati lililokunjwa. Wasichana wawili wa Komunio walikuja kujionea magauni yao yakishonwa; wadudu wa ziwani wakaja pia, wengi, na Dorothée akapata kazi ya kuwapeperusha kitambaani kwa upepeo. Alilalamika jioni nzima, na hakuondoka. Pulchérie alimaliza mikono miwili na kola. Adolphine, mlangoni kwake, alimlaza Roger kwenye mkeka uliorudi mahali pake, akanusa ukuta kwa desturi mpya aliyoipata. Ulinuka udongo mbichi tu.

Jumapili, watu wakitoka ibadani, kila mmoja kanisani kwake, Isidore alikuja kwa Adolphine. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na alishika karatasi moja ya daftari na kalamu ya risasi aliyoichonga kwa patasi. Alikaa kwenye kinu, akainuka, akakaa tena.

"Mama Roger, Jacques atarudi siku gani?"

"Juma inayokuja, baba, kama lori inapona."

"Ni mbali. Na mi sitaki Jacques. Jacques anaandikaka ya bureau, ya ofisi, maneno mingi mbele ya neno." Akaiweka karatasi juu ya goti lake, akainyoosha. "Kuko fundi wa kuchomelea ku misioni ya Fizi. Anaitwa Nicolas. Tulikuwa naye ku migodi."

"Basi unamujua. Ni muzuri."

"Namujua." Isidore akatazama kuku wa Dorothée wakipita. "Mi nilikuwa nikimaliza lampi kumi, yeye anapima bomba moja. Anapima, anaangalia, anapima. Nilimupa jina, konokono. Mugodi muzima ukamuita konokono, miaka sita. Siku nilitoka, batu bote bakaniaga, yeye hapana."

Adolphine alimsogeza Roger kutoka titi la kulia kwenda la kushoto, akangoja.

"Mvua itakuja Septemba," alisema Isidore. "Baraza italowana. Na Pulchérie amezoea ile mwangaza sasa, hawezi kurudia kibatari. Anaanza kuota sindano." Akampa karatasi, na kalamu juu yake. Mkono ulikuwa imara, mkono wa fundi, lakini macho alikuwa ameyapeleka kwenye kuku. "We ndiye uliona ile ya mafuta, na haukunichekelea. Ndiyo maana nimekuja kwako. Niandikie barua kwa Nicolas. Uandike, 'Mi Isidore, sijue kuchomelea, ninaomba uje unisaidie.' Hiyo uandike ya kwanza, mama, mbele ya salamu. Uandike sasa hivi, kabla sijasimama."